Kusafiri na watoto bila mwenzio: makaratasi ya kutayarisha
(Maneno ya komisyo ya makaratasi kwenye mkutano mkuu wa chama, Kolwezi)



Mnatujua. Sisi ndio wale watu watatu wenye meza ndogo karibu na mlango, wenye kuuliza kila mtu, "Fotokopi iko?" Leo tumepewa nafasi ya kusema mbele ya kura, na tunaanza na habari ambayo wengine wenu mnaijua juu mlichanga feza.

Mwaka jana mama mmoja wa chama alipata simu: mama yake mzazi amefariki Kitwe. Tulifanya kama desturi. Daftari ya mchango ikapita, mbele ya jua kushuka tukawa na feza ya bisi ya watu wanne, yeye na watoto wake watatu, juu hakuwa na mtu wa kumwachia. Wakalala Lubumbashi, asubuhi wakawa mpakani. Pasipoti alikuwa nazo, yake na ya kila mtoto. Karte za manjano za chanjo pia. Afisa akaangalia yote, akauliza neno moja: "Mama, papa ya hawa batoto eko wapi? Barua yake iko wapi?"

Papa yao eko Afrika Kusini, miaka minne hatoi habari. Mama akajibu hivyo hivyo. Akalala pale siku mbili akitumainia afisa mwingine, na afisa mwingine akauliza neno lile lile. Kule Kitwe wakazika bila yeye. Sisi tukapitisha daftari tena, feza ya bisi ya watu wanne ya kurudi.

Tulipoketi kuhesabu, tuliona kosa lilikuwa la kwetu. Tulichanga mara mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya karatasi ya papa.

Hatusemi afisa alikosa. Mtoto anayevuka na mzazi mmoja anaweza kuwa anakwenda kilio ya nyanya yake, anaweza pia kuwa ameibiwa, na kwa macho hayo ni mambo yanayofanana. Mwezi wa 9 wa 2013 serikali yetu ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliochukuliwa na wazazi wa ng'ambo, juu ya mashaka kama hayo. Afrika Kusini nao, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 6 wa 2015, walidai mtoto aonyeshe akti ya kuzaliwa yenye majina ya wazazi wote wawili, na ruhusa ya kiapo ya yule mzazi asiyesafiri. Mwaka 2019 walilegeza, lakini sisi tunaoomba viza bado tunatoa makaratasi hayo pamoja na ombi.

Tena kuna jambo la majina. Kwetu hapa mtoto anapewa jina la babu, jina la shangazi, jina la rafiki aliyesaidia siku ya taabu. Watoto watatu wa tumbo moja wana majina matatu, na hata moja halifanani na la mama. Mtu wa Kasulo au Musonoi haoni ajabu. Lakini mtu wa kaunta Johannesburg ao Bruxelles anaangalia pasipoti nne zenye majina manne, na moyoni anajiuliza: hawa wanajuana wapi? Kitu kinachoweza kumjibu ni akti ya kuzaliwa, basi.

Na hapa tunaomba msikilize vizuri, juu ndipo watu wengi wanaanguka. Ile karatasi munganga anakupa ukitoka maternite SI akti ya kuzaliwa. Inasema tu mtoto amezaliwa pale. Unaichukua, unakwenda nayo kwenye eta-sivili ya komini, Dilala ao Manika, na pale ndipo wanaandika mtoto kwenye kitabu. Sheria ya familia, ile iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Bure. Tunairudilia juu kila siku ya posho kuna mtu anakuja kwa meza yetu na karatasi ya maternite ya miaka 8, imekunjwa vizuri ndani ya plastiki, akisema mtoto wangu iko na akti.

Siku 90 zikipita, njia ni tribinali kwa watoto, kuomba hukumu ya kujaza pengo la akti, ile wote tunaita jijema sipletifu. Kisha hukumu, usikimbie. Balozi nyingi zinataka na karatasi ya tribinali inayosema hakuna aliyekata rufani, na ili karatasi hiyo itoke, siku 30 za rufani zinapaswa kuisha kwanza. Kwa hiyo hesabu mwezi mmoja juu ya muda wa kesi yenyewe. Ndipo komini inaandika akti. Mtu aliye na kilio kesho kutwa hawezi kufanya hayo. Mtu asiye na safari yoyote anaweza.

Wale waliozaa ng'ambo, karatasi ya kule ni ya kweli, msiitupe kwa kufikiri ya hapa ndiyo ina nguvu. Inahitaji kutafsiriwa kwa Kifaransa na mtafsiri wa kiapo. Ila wengi waliozaa Afrika Kusini mbele ya 2013 walipewa karatasi fupi isiyoonyesha wazazi wote wawili, na hiyo kwa safari haitoshi. Iombeni ile ndefu.

Sasa tuje kwa yule mzazi mwingine. Watu wanasema "mzazi peke yake" kama ni jambo moja. Kwa meza yetu tumeona ni mengi, na kila moja ina karatasi yake.

Kama papa yupo na mnasikilizana, kazi ni ndogo: anaandika ruhusa mbele ya notere, anataja jina la kila mtoto, nchi, tarehe ya kwenda na kurudi, na nani anawachukua, anaweka na fotokopi ya kitambulisho chake. Akiwa Zambia ao Afrika Kusini anaisaini kwenye ubalozi wetu wa Lusaka ao Pretoria. Barua ya "mimi fulani nakubali" iliyotumwa kwa WhatsApp, bila muhuri, ni mazungumzo tu. Kama mmeachana mbele ya jaji, beba hukumu inayosema watoto wanakaa na nani, na usisahau: kukaa nao hakusemi kila mara kwamba waweza kuwatoa nje ya nchi peke yako. Soma hukumu yako, ao utuletee tuisome pamoja. Kama papa hakumtambua mtoto kamwe, akti yenye jina la mama peke yake ndiyo jibu, na hapo wengi wanaogopa bure, kwa haya, wanaweka jina la mjomba kwenye nafasi ya papa ili mtoto asichekwe. Mama, ile haya ya siku moja itakufunga miaka 18. Mjomba atatafutwa asaini kama papa!

Na si wamama tu. Tuna papa mmoja hapa ndani, binti yake ana miaka 9, mama ya mtoto alikwenda upande wa Angola. Kwake maswali ni yale yale, na ameyapata kwa ukali zaidi.

Walio na shida kubwa kuliko wote ni wajane wa wachimbaji, na hapa tunataka kukaa kidogo.

Wengi wetu tuliondoka Kolwezi kisha Gécamines kuachisha watu zaidi ya 10,000 kwenye miaka ya 2003 na 2004. Wengine walifuata baadaye. Tuliporudi tulikuta vijana na waume wetu ndani ya mashimo. Mnakumbuka mwezi wa 6 wa 2019 pale KOV, ardhi iliporomoka, wachimbaji zaidi ya 30 wakafa. Habari hiyo ilisikika dunia nzima. Lakini kuna mashimo mengine yanafunga watu wawili, watatu, na hayasikiki hata kwenye kartye ya pili. Wenzake wanakuja usiku kumwambia mke. Mara nyingine mwili unatolewa na kuzikwa siku ile ile, mara nyingine hautolewi. Kilio inafanywa, nywele zinanyolewa, na hakuna anayekwenda komini. Kartye nzima inajua mtu huyo amekufa. Kwenye vitabu vya serikali yungali hai, na saini yake inatakiwa.

Mama mmoja alitueleza hivi: "Banataka papa ya batoto asaini. Miye minajua kwenye eko, lakini chini kule hakuna notere." Watu walicheka, naye alicheka, kisha tukanyamaza.

Kwa yule aliyezikwa, njia ni kuandikisha kifo kwenye eta-sivili, na kama muda umepita, jaji. Kwa yule ambaye mwili haukupatikana, sheria ya familia inaruhusu kumwomba jaji atangaze kifo, ikiwa mtu alipotea ndani ya hatari na mwili haukuonekana. Inahitaji mashahidi. Na mashahidi ni wachimbaji wenzake, ambao leo wako Kapata, kesho wako Fungurume, mwaka ujao hujui. Ndiyo sababu tunasema kwa sauti: waandikeni majina yao mapema, wangali wanakumbuka siku na shimo.

Na kama papa yuko hai, anajulikana aliko, na anakataa tu? Anasema "tuma kwanza feza," ao anataka mama arudi kwake kwanza. Tumeona hiyo pia. Kwanza kaeni na familia ya papa. Mara nyingi mkubwa wake ao shangazi wa watoto anamsemesha na mambo yanaisha bila avoka. Yasipoisha, kuna tribinali kwa watoto. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 wa 2009 inamwambia jaji aweke faida ya mtoto mbele.

Juu ya wale vijana wanaosimama karibu na ofisi na kusema "mama, ruhusa ya papa natengeneza leo saa nane": tunaomba, hapana. Tunajua mnalipa juu ya haraka, si juu ya ubaya. Lakini kwa viza za Schengen, ombi lako na vidole vyako vinakaa kwenye mfumo wao miaka 5, na nchi zote za mfumo ule zinaviona. Umekamatwa na karatasi ya uongo Bruxelles, Paris nao wanajua. Halafu ukija baadaye na karatasi ya kweli, nani atakusadiki? Feza yenyewe si ndogo: tangu mwezi wa 6 wa 2024 mtu mkubwa analipa euro 90, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 euro 45, wa chini ya hapo halipi. Viza ikikataliwa, hazirudi.

Sasa kura. Komite inapendekeza robo ya sanduku iwe ya makaratasi ya watoto: kesi za akti, notere, mtafsiri, na bisi ya mashahidi. Papa mmoja mzee, tunamheshimu sana, alisema kwenye komite: "Chama hiki kilizaliwa kwa kilio na kwa ugonjwa. Makaratasi ni ya kila mtu na nyumba yake." Neno lake lina uzito, na robo ikitoka, kuna siku sanduku la kilio litakuwa jepesi, hatutawaficha. Tunamjibu jambo moja tu, kwamba safari ya Kitwe nayo ilikuwa ya kilio, na sanduku lilikuwa na feza ya kutosha, na mama hakufika.

Kwa wafadhili: mmoja wenu alituandikia akiuliza kwa nini tunaomba feza ya tribinali badala ya cherehani. Cherehani tulizopata zinafanya kazi, asanteni. Lakini mama mwenye cherehani anataka kwenda kununua vitenge Zambia kwa siku tatu na mtoto anayenyonya, na tumekwisha kuwaeleza kinachompata mpakani. Tiketi za ndege hatuombi.

Posho ijayo, saa tatu asubuhi, tutakuwa kwenye meza yetu. Lete karatasi yoyote uliyo nayo ya kila mtoto, hata ya maternite, hata iliyopasuka, pamoja na fotokopi. Ya asili utarudi nayo nyumbani. Asiye na kitu aje na mtu aliyekuwepo siku mtoto alipozaliwa.

Yule mama wa Kitwe ni namba 1 kwenye daftari yetu mpya. Akti za watoto wote watatu zimetoka. Ombi lake la kusafiri nao bila saini ya papa bado liko kwa jaji, na tarehe ya kusikilizwa imeahirishwa mara moja. Papa hajajibu.

Kura tunapiga kisha chai.