Wekundu ndani ya mzizi wa kunde

Msikilizaji, ng'oa mche wa kunde polepole, kisha upasue kinundu kimoja cha mzizi kwa ukucha. Ndani ni chekundu kama nyama mbichi! Hiyo ni leghemoglobini, jamaa ya himoglobini ya damu yetu. Jeni zake huamka humo kinunduni. Majanini zimelala tu. Kazi yake ni kuishika oksijeni, maana kimeng'enya cha bakteria waishio humo, kinachonasa nitrojeni ya hewani, huharibiwa na oksijeni hiyo. Bakteria nao, mpaka wahisi oksijeni imepungua, ndipo huamsha jeni za kukitengeneza. Ukimwaga naitreti nyingi shambani, mmea huzilaza jeni za leghemoglobini, na wekundu ule hugeuka kijani. Mmea ukishapata nitrojeni ya naitreti, ya nini tena kuwalisha bakteria sukari yake?