Si Njaa Inayomwita Mtu Kazini, Ni Mshahara
Maneno tuliyoyasema mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Bukavu



Leo tunalo neno moja tu. Wako watu wanaosema: "Ukimpa msaada mtu asiye na kazi, atalala. Mwache, njaa itamwamsha." Neno hilo linasemwa Ulaya, linasemwa katika maofisi, na sasa linasemwa hata katika mitwalite zetu wenyewe. Basi tulipime.

Kwanza tukumbuke ya zamani. Wakati wa Wabelgiji, wakubwa walisema kwamba mtu mweusi ni mvivu. Wakamtoza kodi ya kichwa, nayo walitaka pesa, ili atoke katika shamba lake aende kutafuta faranga kwa mzungu. Mwaka 1917 wakaongeza mashamba ya lazima. Aliyekosa kulipa alifungwa, na chikoti kilimngoja. Tunauliza: kama kazi ile ilikuwa na faida, chikoti kilikuwa cha nini? Mtu mwenye maharagwe na mihogo yake alijua kuhesabu. Aliona mshahara ni mdogo kuliko mavuno. Huo si uvivu, ni hesabu.

Kule Katanga, kampani ya Union Minière ilijifunza hesabu hiyo kwa hasara. Mwanzoni iliita watu wa mikataba mifupi kutoka mbali. Wengi walikufa, wengine walitoroka, na waliobaki walirudi kwao. Karibu na mwaka 1928 ikageuza njia: nyumba, posho ya mke na watoto, daktari, na mkataba wa miaka 3. Je, watu walilala? Hapana! Walikaa kazini, wakajua ufundi.

Lakini tusiisifu kampani. Posho ilipimwa na mkono wa mkubwa, na mshahara ulibaki mdogo. Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma wakidai nyongeza, askari waliwapiga risasi pale Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Tunajifunza mawili: msaada hauui kazi, na msaada hauwezi kushika nafasi ya mshahara wa haki.

Sasa tutazame sheria. Pensheni ya wafanyakazi ilianza mwaka 1956. Tarehe 29 Juni 1961 ikaundwa INSS, na baadaye, kufuatana na sheria ya mwaka 2016, ikawa CNSS. Katika kila faranga 100 za mshahara, mfanyakazi anakatwa 5, na bwana wa kazi anaongeza 13 zake. Pesa hiyo ni ya pensheni, ya watoto, na ya ajali au ugonjwa wa kazini. Ya mtu aliyekosa kazi haimo. Basi hao wanaoogopa kwamba shomeri ataharibiwa na msaada, wanasema msaada gani? Mtu halewi pombe ambayo hajainywa.

Tazameni mama anayebeba mzigo mgongoni akipanda mlima wa Kadutu. Tazameni wachimbaji na akina mama wanaotwanga mawe kule Kamituga. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua iliingia mashimoni kule, wakafa watu kwa makumi. Mvivu hashuki katika shimo kama lile. Inchi hii haina upungufu wa watu wanaotaka kazi, ina upungufu wa kazi inayolisha.

Na kwa nini mtu mwingine anakataa kibarua? Tuseme analipwa faranga 6.000 kwa siku. Nauli ya kwenda na kurudi 2.000, chakula cha mchana 2.000. Anarudi na 2.000 kwa watoto wake, na shamba halikulimwa. Tena hizo 6.000 ziko chini ya sheria: mwaka 2018 Serikali iliweka 7.075 kwa siku kwa mfanyakazi wa chini kabisa, na mwaka 2025 ikatangaza kuipandisha kwa hatua hadi 21.500. Ni wangapi hapa waliowahi kuuliza?

Sasa tuje kwa mitwalite zetu. Mwaka 2025 vita vilipoingia Bukavu na benki zikafungwa, wengi walipoteza kazi bila kosa. Wengine wanataka sheria hii: mwanamemba akipata kazi yoyote, hata ndogo, msaada ukatwe wote. Sisi tunaikataa, na sababu ni hii. Tuseme mwenzetu anapewa 20.000 kwa juma. Anapata kibarua cha siku mbili, 12.000. Mkimkatia yote, kazi imemtia hasara ya 8.000. Atakataa kibarua, au atakificha. Ni ninyi mliomfundisha uongo. Lakini mkikata nusu ya alichopata, yaani 6.000, atabaki na 14.000 za msaada na 12.000 za jasho lake: jumla 26.000. Sanduku limeokoa 6.000, na yeye ameona faida ya kufanya kazi.

Mtauliza: "Mimi ninayelipwa kidogo, niwe chini ya asiye na kazi?" Swali hilo ni la haki. Uingereza, mwaka 1834, walilijibu vibaya. Walisema anayesaidiwa aishi vibaya kuliko mfanyakazi wa chini kabisa, wakajenga nyumba za maskini na kumtenga mume na mke wake. Hapo mshahara wa chini haukuwa na haja ya kupanda, kwa sababu kila kitu kilikuwa afadhali kuliko nyumba ile. Ndugu, njaa ya jirani yako haikuongezei faranga moja. Bwana akikuambia, "Ukikataa, wengine wako mlangoni," anakuonyesha njaa hiyo hiyo. Ndiyo inayoshusha mshahara wako wewe uliye kazini.

Basi fanyeni hivi. Kila mwenye bwana wa kazi aulize kama ameandikwa CNSS, na ashike karatasi ya mshahara wake. Sendika zidai mshahara wa sheria, kwa umoja, si mtu mmoja mmoja. Mitwalite zikate nusu, si yote, na msaada uwe na miezi yake inayojulikana na wote, ili sanduku lisikauke. Na anayemwita shomeri mvivu, kwanza amwonyeshe kazi, kisha ataje mshahara wake.

Umoja ni nguvu.