Vitasa vya Umeme Kwenye Vibasi Vyetu: Nani Anafungua Mlango?

Maneno ya fundi wa garaji ya vijana kwenye mkutano wa wanachama, Baraka. Katibu ameyaandika vile yalivyosemwa, amepunguza kidogo tu.



Nimeombwa nieleze hii kazi ya vitasa vya umeme, ile Kigoma tulizoea kuita sentro loki. Kuna wanachama wameomba kukopa ku sanduku la chama ili waweke kwenye vibasi vyao, na wengine wanauliza: hii ni kazi ya lazima ao ni urembo tu? Nitajibu, lakini kwanza mtoke kidogo kwa mawazo, mkaangalie kibasi kimoja kikisimama hapo barabarani.

Vibasi vyetu vingi vimetengenezwa Japani. Kule wanatembea upande wa kushoto, kama Tanzania. Kwa hiyo usukani iko kuume, na mlango wa kusukuma, ule wa abiria, iko kushoto, juu kule kushoto njo ukingo wa barabara. Ukishuka unakanyaga pembeni. Sasa gari hiyo hiyo ikivuka ziwa ikafika huku kwetu, tunatembea kuume. Shofere anasimama kuume, pembeni kabisa, vizuri. Lakini mlango unafunguka kushoto, katikati ya barabara, fasi pikipiki zinapita. Mama anashuka na mtoto mgongoni na beseni mkononi, haoni nyuma. Kondakta yuko anapokea pesa. Mnaelewa hatari iko wapi? Gari haina kosa. Ilizaliwa kwa barabara ingine.

Njo maana mimi nasema kitasa cha umeme kwenye mlango wa kusukuma si urembo. Shofere iko na kioo cha pembeni, anaona pikipiki inakuja. Kama kitasa iko chini ya kidole chake, anaushika mlango mpaka njia iwe wazi, kisha anaachia. Ile ya kufunga milango yote mara moja wakati gari imelala sokoni, hiyo ni faida ya pili.

Sasa kitu chenyewe. Ndani ya mlango kuna kitasa cha chuma, na kuna kijiti cha chuma kinachoenda juu kwenye kile kifungo unachovuta ao kusukuma kwa mkono. Kimota cha umeme ni kidogo, kinaingia kwenye kiganja. Kazi yake ni moja: kusukuma kijiti, ao kukivuta, sentimita mbili hivi. Umeme wa volti 12 ukiingia hivi, kinasukuma. Ukigeuza nyaya mbili, kinavuta. Basi. Na umeme ule haukai. Ni wa kitambo kidogo, chini ya sekunde moja, kisha rele inakata. Kijana akiunga kimota moja kwa moja na batri bila kile kisanduku cha rele, na shofere akashikilia kidole kwenye kifungo, kimota kinaungua. Kuna duka moja, sitataja, liliwauzia watu vimota bila kisanduku, likasema "vitafanya tu". Vilifanya siku chache.

Kama gari ilikuja nayo toka kiwandani na imekufa, msikimbilie kununua. Sikilizeni kwanza. Milango yote imekufa pamoja? Anzeni na fizibile, kisha kifungo cha mlango wa shofere, kisha kisanduku. Mara nyingi kimota haiko na shida yoyote. Mlango mmoja tu umekufa? Angalieni ule mpira uliokunjamana kati ya mlango na mwili wa gari. Nyaya zinapita humo, zinakunjwa kila mlango ukifunguliwa, miaka na miaka, mwisho zinakatika ndani ya plastiki yake na kwa macho huoni. Unavuta uzi polepole, ukirefuka kama mpira, umekatika. Unakata, unaunga kwa risasi, unafunika vizuri. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja na pesa ya skochi.

Kama inalia "tik" lakini kifungo hakisogei, hapo kuna mambo mawili. Ao vumbi ya barabara yetu imekauka pamoja na grisi ya zamani na kijiti kinakwama, safisha, weka grisi mpya kidogo. Ao kimota kimechoka. Kwenye Toyota nyingi kimota kimefungwa ndani ya plastiki pamoja na kitasa chote, na dukani watakuuzia chote. Fundi mwenye mkono mtulivu anafungua ile plastiki, anatoa kimota kidogo cha ndani, anaweka kingine, anafunga. Vijana wetu wawili wanaweza. Ukipima kimota kwa batri, gusa na uachie, na usiguse kila pini ya soketi ovyo, juu zingine ni za swichi, si za umeme wa nguvu.

Mlango wa kusukuma una mambo yake, na hapa mafundi wengi wanakosa. Nyaya haziwezi kuufuata ukienda mbele na nyuma. Kwa hiyo kwenye vibasi vingi kiwanda kiliweka vidude vya shaba kwenye nguzo na kwenye ukingo wa mlango: mlango ukifungwa vinagusana, umeme unapita. Mlango ukiwa wazi, hakuna umeme. Barabara ya Uvira mpaka hapa mnaijua. Vumbi ikijaa kwenye vile vidude, kitasa kinakufa, na fundi mwenye haraka anakwambia nunua kimota. Chukua msasa laini, sugua, pangusa, jaribu tena. Na kama unaweka kitasa kipya fasi hakikuwepo, lazima uweke na vidude hivyo. Nimeona kibasi kimoja uzi umening'inia toka mlangoni mpaka kwenye kiti. Abiria wakaukanyaga.

Sasa kuweka upya. Vile vifurushi vya sokoni vina vimota vinne na kisanduku. Kimoja ao viwili vina nyaya tano, hicho kinaenda mlango wa shofere, juu ndani yake iko swichi inayoamuru vingine. Vyenye nyaya mbili vinafuata tu. Rangi za nyaya msiziamini sana, aminini mita. Uzi wa batri upite kwenye fizibile, na fizibile ikae karibu na batri, si karibu na kisanduku. Kama uzi mrefu unasuguliwa na chuma katikati ya njia na fizibile iko mbali kule mwisho, haikusaidii kitu, moto unaanzia huku.

Kabla ya kutoboa chuma cha mlango, pandisha kioo mpaka juu, teremsha mpaka chini, angalia fasi kinapita. Kimota kikae pembeni ya njia hiyo. Kijiti chake kilale sawasawa na kijiti cha kitasa, kisivute kwa kona, kikivuta kwa kona kitakwama mwezi wa pili. Na ile nailoni ya ndani ya mlango, irudisheni! Vijana wanaitupa, wanasema ni uchafu. Inazuia maji ya mvua yasiingie kwenye kava na kwenye kimota. Matundu ya chini ya mlango pia yaachwe wazi, maji yatoke.

Nafika kwa neno lililonisimamisha hapa mbele yenu.

Kuna mashofere wamekuja garaji na ombi. Wanasema: fundi, ukiweka kitasa cha umeme, toa na kile kifungo cha ndani cha mkono, ao geuza kile kifungo cha watoto, ili abiria asifungue yeye mwenyewe. Sababu yao naielewa. Kuna abiria wanashuka kwenye kona na kukimbia bila kulipa. Shofere iko na deni la gari, jioni mwenye gari anataka pesa yake. Si watu wabaya, ni wanachama wenzetu.

Mimi nakataa, na naomba chama kikatae pamoja na mimi.

Umeme wa gari unakufa kwa sababu ndogo sana. Batri imelegea. Uzi umeungua. Gari imepinduka na batri imevunjika. Gari imeingia kwenye maji. Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulivyoingia mitaa ya Uvira. Na mito ya njia yetu hii, mvua ikinyesha mlimani, inapanda bila kuuliza. Siku hiyo kimota hakisukumi kitu, na shofere labda ameumia. Mtu wa nyuma kabisa, aliyebanwa kati ya mizigo, anabaki na kitu kimoja: ule mkono wa kufungulia na kile kifungo cha ndani. Ukikitoa, umemfungia. Pesa ya njia ikusanywe kabla gari haijaondoka, kama mashua zinavyofanya ziwani. Hapo hakuna wa kukimbia.

Kwa hiyo garaji yetu itafanya hivi. Kila gari tuliyoweka vitasa, tutaondoa waya wa batri kabisa, tutaingiza mtu ndani, tutafunga milango yote kwa mkono. Atafungua mwenyewe toka ndani, mlango mmoja baada ya mwingine. Kisha mwenye gari atafungua toka nje kwa ufunguo. Mlango mmoja ukikataa, gari hailipiwi na haitoki. Naomba sanduku la chama liandike hivyo kwenye karatasi ya mkopo: pesa ya fundi itoke baada ya jaribio hilo, mbele ya mjumbe mmoja wa komite. Na mkopo uanze na mlango wa kusukuma. Ile ya kupiga king'ora kwa rimoti, mtu ailipe kwa mfuko wake.

Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni kama mtoto anaweza kufungua gari ikitembea. Ndiyo, anaweza, kama kitasa kiko wazi. Shofere afunge kabla ya kuondoka, na mtoto asikae kando ya mlango. Kile kifungo cha watoto ni kizuri kwa gari ya nyumbani, yenye milango ya kawaida. Kwenye gari ya abiria hapana.

Jumamosi tunaanza na kibasi cha chama. Mwenye kijana anayetaka kujifunza amlete asubuhi, na bisibisi yake, ao turnavisi kama mnavyosema huku. Mita tunayo moja, tutapokezana.