Wafundisheni Watoto Kupanga

(Maneno ya mwenezi mmoja kijana wa Chama, aliyoyasema mbele ya wanachuo wa ualimu, Tarime.)



Mimi nami nimepita chuo cha ualimu, kwa hiyo nitakayosema ni makosa yangu mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha upande wa Mugumu, niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili kila mmoja aandike lengo lake. Nusu ya darasa wakawa madaktari. Nilifurahi, nikazibandika karatasi zile ukutani. Kijana mmoja katika hao madaktari alikuwa hawezi kugawanya desimali, nami sikumwuliza hata mara moja ataanzia wapi. Msichana mmoja aliandika kwamba atakuwa mwalimu. Shule ikafungwa Desemba, msimu wa ukeketaji ukaingia, na Januari hakurudi. Karatasi yake ilibaki ukutani.

Ndugu zangu, lengo la binti yule lilikuwa jema, lakini halikuwa na Desemba ndani yake. Na mimi mwalimu wake sikulitazama.

Chama chetu kinalijua jambo hili tangu zamani. Novemba 1974, hapa hapa mkoani Mara, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo mpango wa awali uliiweka mwaka 1989, ikavutwa mpaka 1977. Hilo lilikuwa lengo hasa, maana lilikuwa na tarehe, na watu wakaulizana: walimu watatoka wapi? Wakafundishwa walimu wa UPE huko huko vijijini, kwa redio na masomo ya posta. Watoto wakajaa madarasani. Lakini tuseme kweli: tulihesabu watoto walioingia, hatukuhesabu kwa makini walichojifunza, na ubora ukaumia. Ukipima kitu kimoja, utapata hicho kimoja.

Basi mtoto akikwambia, "Nataka kufaulu hesabu," usimpigie makofi. Mwulize, "Mura, Jumatatu utafanya nini?" Akijibu kwamba atafanya maswali matano ya sehemu kila jioni kabla ya giza, sasa mnazungumza. Mwulize tena, jioni hiyo ng'ombe atawarudisha nani? Huku kwetu swali la ng'ombe ni swali la elimu. Maswali matano yasipowezekana, yawe mawili, lakini ayafanye kweli. Ijumaa fungua daftari mtazame pamoja. Akishindwa, badilisheni mpango; fimbo haimfundishi mtu kupanga. Na mzazi aitwe asikie mpango ule kwa lugha ya nyumbani, awe Mkurya, Mngoreme au Mwikoma, kwa sababu yeye ndiye mwenye saa za jioni za mtoto.

Kwa wasichana nasema kwa uzito zaidi. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haimwamshi mtoto usiku na kumwonyesha njia. Mpango wake wa masomo uwe na ukurasa wa likizo, uandikwe mapema, mwezi wa Oktoba. Atalala kwa nani? Shangazi yupi yuko upande wake? Akiona maandalizi yameanza, atamwambia nani kwanza: mwalimu wa malezi, ustawi wa jamii, au dawati la jinsia la polisi? Nyumba ya hifadhi ya Mugumu aijue, na kituo cha Masanga akijue, na nauli aipate wapi. Ukurasa huu haubandikwi ukutani! Unakaa kwa mwalimu anayeaminika, na mwalimu huyo awe na simu inayopokelewa likizoni.

Wengine mtaniambia kwamba kazi hii haimo katika mtihani wenu wa ualimu. Ni kweli. Hata wakati wangu haikuwamo.

Mtakapokwenda mazoezini, kila mmoja achague wanafunzi watano tu, si darasa zima. Nitakapokuja tena nitaomba kuona madaftari ya Ijumaa, na nitauliza wale watano wako wapi.