Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Mazungumzo na wamiliki wa magari kuhusu upungufu wa maji ya kupozea injini

Leo tunazungumzia jambo linaloanza na chupa moja ya maji na ambalo, likipuuzwa, huishia kwa kubadilisha injini nzima. Dereva hufungua boneti asubuhi, akaona tanki la akiba limepungua, akaongeza maji na kuondoka. Wiki inayofuata hufanya vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili kuongeza maji kumekuwa desturi, wala hajiulizi tena sababu yake. Kisha siku moja, akiwa anapanda mlima Kitonga na familia na mizigo, mshale wa joto hupanda hadi mwisho, mvuke hufoka chini ya boneti, na safari hukomea hapo.

Hasara haiishii barabarani. Gari huvutwa hadi gereji, na mwenye gari huambiwa kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Injini hufunguliwa, hedi hupelekwa kusawazishwa, gasketi mpya hununuliwa, fedha hulipwa. Wiki mbili baadaye maji yanapungua tena kama mwanzo, kwa sababu yalikuwa yakitokea kwenye ufa mdogo wa rejeta ambao hakuna aliyeutafuta. Huenda gasketi nayo iliungua kweli, kutokana na joto la siku ile. Lakini ufa ndio uliokuwa chanzo, na chanzo hakikuguswa.

Kwa hiyo ujumbe wetu leo ni mmoja: msilipie kubadilishwa kwa kifaa chochote kabla ya kuonyeshwa mahali maji yanakokwenda.

Maji hayaliwi na injini

Tuanze na jinsi mfumo unavyofanya kazi. Petroli huunguzwa, hivyo ni lazima ipungue. Maji ya rejeta hayaunguzwi. Hupita ndani ya injini yakabeba joto, huenda kwenye rejeta yakapozwa na upepo, kisha pampu huyarudisha kwenye injini. Ni mzunguko uliofungwa. Gari lenye afya linaweza kwenda miezi mingi bila kuongezwa maji, na kiasi kinachopungua huwa kidogo mno. Linalodai maji kila wiki linavuja, hata kama chini ya gari ni pakavu.

Mzunguko huo hufanya kazi chini ya mgandamizo, au presha kama mafundi wanavyoiita. Hiyo ndiyo kazi ya kifuniko cha rejeta, kifaa ambacho wengi hukiona kama kizibo tu. Juu ya kifuniko huandikwa namba, kwa mfano 0.9 au 1.1, hicho ndicho kiwango cha presha ambacho kifuniko hukizuia kabla ya kukiachia. Maji yaliyo wazi katika usawa wa bahari huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Chini ya kifuniko kizima cha 0.9, maji hayohayo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Mbeya mjini, palipo na kimo cha takriban mita 1,700, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94. Sasa fikirini gari lenye kifuniko kilicholegea linalotoka pwani kwenda nyanda za juu. Kila linavyopanda, maji yake huchemka mapema zaidi, na yanayochemka humwagika kupitia mpira wa tanki la akiba. Kifaa kidogo kinaweza kufanana na ugonjwa mkubwa.

Njia tatu za kutokea

Maji yanayopungua hupitia njia moja kati ya tatu.

Njia ya kwanza ni kuvuja nje. Mahali pa kutazama ni rejeta yenyewe, hasa pale sehemu ya plastiki inapoungana na ile ya bati. Mipira ya maji na klipu zake. Na pampu ya maji, ambayo chini yake ina tundu dogo lililowekwa makusudi ili sili ikichoka maji yatoke hapo na kutoa taarifa. Kuna pia rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Hiyo ikivuja, zulia la mbele hulowa, kioo hupata ukungu wa mafuta, na ndani ya gari hunuka harufu tamu.

Njia ya pili ni kuchemka na kumwagika kupitia kifuniko, kama tulivyoeleza, au kwa sababu feni haizunguki au rejeta imeziba.

Njia ya tatu ni kuvuja ndani ya injini. Gasketi ya hedi ikiungua, au hedi ikipata ufa, maji huingia katika silinda yakatoka kwa bomba la moshi, au huingia katika oili. Kuna magari ya gia otomatiki ambayo oili ya gia hupozwa ndani ya rejeta. Humo maji na oili hiyo vinaweza kuchanganyika na kuharibu gia boksi.

Njia ya tatu ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo ithibitishwe mwishoni, baada ya zile mbili za kwanza kuchunguzwa.

Uchunguzi mnaoweza kuufanya wenyewe

Tahadhari kwanza. Msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Presha ikiachiliwa ghafla, maji yaliyokuwa kimya huchemka papo hapo na kurukia uso na mikono. Subirini injini ipoe kabisa. Asubuhi kabla ya kuliwasha gari ndiyo saa nzuri kuliko zote.

Gari likiwa mahali pa tambarare na likiwa limepoa, tazameni tanki la akiba. Maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Wekeni alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, mwandike tarehe na kilomita. Rudieni kila baada ya siku mbili kwa muda wa wiki mbili. Daftari hilo ni ushahidi wenu. Fundi akiuliza, hamtajibu kwamba maji yanapungua pungua tu, bali mtasema yamepungua nusu lita katika kilomita 300. Hata hivyo, ikiwa mfumo umetoka kumwagwa na kujazwa upya, maji yanaweza kushuka kidogo siku za mwanzo kwa sababu hewa iliyobaki ndani inatoka. Hilo si tatizo, ilimradi kiwango kitulie.

Kisha tandikeni boksi safi la karatasi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi tazameni tone limeangukia wapi na lina rangi gani. Maji maangavu yasiyo na rangi wala harufu, yanayodondoka baada ya kutumia kiyoyozi, ni ya kiyoyozi na hayana ubaya. Tone la kijani, jekundu au la buluu lenye utelezi ni la kulanti. Tafuteni pia alama kavu: kulanti ikikauka huacha unga au michirizi yenye rangi kwenye mpira au ukingo wa rejeta. Mahali panapovuja wakati wa joto tu hujulikana kwa alama hizo.

Chomoeni kijiti cha oili. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ni dalili nzito. Msiliwashe tena gari hilo. Lakini utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwa gari linalokwenda safari fupi katika maeneo ya baridi, unaweza kuwa mvuke wa kawaida. Vivyo hivyo moshi mweupe wa asubuhi ya baridi kule Njombe hutoweka injini ikipata joto. Moshi mweupe mzito unaoendelea baada ya injini kupata moto, wenye harufu tamu, ndio wa kutiliwa shaka.

Jambo moja zaidi: msiutegemee mshale wa joto peke yake. Kihisi cha joto hufanya kazi kikiwa kimezama majini. Maji yakiisha kabisa, kihisi hubaki hewani, na mshale unaweza kuonyesha hali ya kawaida huku injini ikiungua.

Vipimo mnavyostahili kudai gereji

Ikiwa hamkuona kitu, mpelekeeni fundi daftari lenu na mwombeni vipimo viwili kabla ya kufungua bolti yoyote ya injini.

Cha kwanza ni kipimo cha presha. Injini ikiwa imepoa na imezimwa, fundi hufunga pampu ndogo ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko, hujaza presha ifikie ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha husubiri takriban dakika 15. Geji ikishuka, kuna mahali panapovuja, na mara nyingi maji yenyewe yatapaonyesha. Pampu hiyohiyo, ikiwa na kiungio chake, hupima pia kifuniko.

Cha pili ni kipimo cha gesi. Fundi huweka juu ya mdomo wa rejeta chombo chenye dawa ya buluu, injini ikiwa inanguruma. Gesi za mwako zikivuja kuingia katika maji, dawa hugeuka njano. Hapo madai kwamba gasketi imeungua yana ushahidi. Dalili nyingine za kuunga mkono ni mapovu yasiyokoma katika rejeta, mpira wa juu kuwa mgumu mara tu injini baridi inapowashwa, na plagi ya silinda moja kuwa safi isivyo kawaida kuliko nyingine.

Gereji ikikosa vifaa hivyo, tafuteni iliyo navyo. Gharama ya vipimo ni ndogo ukilinganisha na kufungua injini bila sababu.

Tiba zinazoficha ugonjwa

Iko desturi ya kung'oa thamostati ili gari lisichemke. Thamostati nyingi hufunguka injini ikifika nyuzi 80 na kitu. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi na kutumia mafuta mengi zaidi, na katika injini nyingine maji hukosa mpangilio na joto likazidi. Kama thamostati imekufa, iwekwe nyingine.

Wako wanaotia dawa ya kuziba, au hata yai, ndani ya rejeta. Kinachoziba ufa huweza pia kuziba njia nyembamba za maji katika rejeta na hita. Na maji ya kisima yenye chumvi huleta kutu na magaga. Tumieni kulanti iliyotajwa katika kitabu cha gari, wala msichague kwa rangi tu, kwa maana rangi si kipimo cha aina. Aina nyingi za kulanti zina ethileni glikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Msiihifadhi katika chupa ya soda, wala msiimwage mahali ambapo watoto na wanyama wanafika.

Gari likichemka njiani, simameni mahali salama, zimeni injini, na ngojeni. Msimwagie maji baridi injini ya moto, kwani chuma kilichoshtuliwa hupasuka.

Haki yenu mbele ya fundi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji. Kumwambia mteja kwamba gasketi imeungua huku ukijua hujapima si utaalamu. Kabla ya kazi kuanza, ombeni makadirio ya maandishi yanayotaja tatizo lililoonekana, kipimo kilichotumika, vipuri vitakavyonunuliwa na gharama ya ufundi. Elezeni wazi kwamba kazi yoyote ya ziada isianze bila idhini yenu. Kazi ikimalizika, ombeni vifaa vilivyotolewa, risiti, na maandishi ya muda wa dhamana. Kisha rudieni daftari lenu kwa wiki mbili nyingine. Maji yasiposhuka, fundi amefanya kazi yake, naye anastahili shukrani na wateja wengine. Yakishuka, mnazo nyaraka za kurudi nazo kwake, na ikibidi, za kuleta kwetu.

Ndugu walaji, mafundi wetu wengi ni waaminifu, na wengi wao wangependa kupata mteja anayejua anachokilalamikia. Mteja wa namna hiyo huwaokolea muda na lawama. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kuongeza maji, chukueni kalamu mweke alama kwenye tanki. Chupa ya maji itawafikisha kazini kesho. Alama hiyo itawaonyesha kama gari litawafikisha Mbeya mwezi ujao.