Kinywe Chetu, Betri Zao

Makamanda wa Chinongwe! Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria: kuanzia 2035, magari madogo mapya yasitoe hewa ya ukaa. Sawa, ingawa mimi bado napanda bodaboda ya petroli. Ila betri ya gari la umeme inataka kinywe, na kinywe kiko hapahapa Ruangwa. Sheria ya Madini inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16. Na mwenye mikorosho je? Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Akija mthamini, hesabuni naye mti kwa mti. Usisaini fomu hujaisoma. Dai nakala. Na mkutano wa kijiji ukiitwa, tusibaki kijiweni. Muhtasari tuuone siku hiyohiyo.