Soketi Moja Mezani: Mteja wa Vifaa vya Elektroniki na Gemu katika Maduka ya Kariakoo



Mimi ni fundi. Kifaa kinanunuliwa mtaa wa Aggrey au Msimbazi asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo kinafika mezani kwangu kikiwa bado ndani ya mfuko kilichotoka nao dukani. Mwenyewe amesimama pembeni, hajui amkasirikie nani. Kwa hiyo nilipoombwa nizungumzie yanayompata mteja wa vifaa vya elektroniki na gemu katikati ya mji, sikuona sababu ya kwenda mbali. Nimelifungua daftari langu la mapokezi.

Nina jambo moja la kusema. Kazi nyingi ninazopokea zikiwa mpya kutoka dukani hazikupaswa kunifikia. Zingeisha palepale kaunta kama kifaa kingechomekwa kwenye umeme, mteja akakiona kinafanya kazi, akakishika, akauliza maswali yake, ndipo akatoa hela.

Nianze na yangu mwenyewe. Nilipokuwa shule nilidunduliza mwaka mzima, nikaenda kununua PlayStation 2 ya mtumba, ile nene ya mwanzo, katika duka moja la katikati ya mji. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Muuzaji akaifuta vumbi kwa kitambaa, akaniambia, "Mzigo wa Japani huu mdogo wangu, nenda kajaribu nyumbani, haina shida." Nikaenda. Jioni umeme uliporudi, ndugu zangu wote wamekaa chini mbele ya televisheni, nikachomeka. Ukasikika mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti, kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Nilipoigeuza nikaona nyuma yake kibandiko chenye maandishi madogo: AC 100V. Kesho yake nilirudi dukani, nikaonyeshwa mstari wa chini wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, wa Japani ni 100, na wa Marekani ni 120. Kwenye zile PS2 namba ya modeli inaanza na herufi SCPH, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayotaja soko lililokusudiwa: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. SCPH-30004 inakula umeme wetu bila taabu. SCPH-30000, ambayo kwa sura ni ileile, inaungua. Hata CD zake zilifungiwa kanda, ya Ulaya haisomwi na mashine ya Japani isipokuwa imewekwa chipu. Muuzaji aliyejua kusoma tarakimu moja tu angeniuzia na transfoma ya kupunguza umeme, angepata faida mara mbili, na mimi ningekuwa mteja wake hadi leo. PS4 inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo kwenye gemu hatari hii imepungua, lakini redio na ampulifaya za mtumba kutoka Japani bado zinaingia na vibandiko vyake vya volti 100, na bado zinaungua.

Safari ya mteja kabla hajafika kaunta

Mteja wa Kariakoo mara nyingi haanzi kuonana na mwenye duka. Anaanza na winga, kijana wa kumwelekeza dukani. Akishuka tu kwenye daladala anasikia, "Boss, simu, TV, PS, njoo nikupeleke kwa bei ya jumla." Winga si adui wa biashara. Wengi wao ni vijana wanaojua maduka kuliko sisi tuliozaliwa mjini, na mgeni aliyetoka Songea, Sumbawanga au Lubumbashi akimpata winga mwema anamaliza mizunguko yake kwa saa mbili. Tatizo ni pale cha juu cha winga kinapofichwa ndani ya bei, halafu kifaa kikizingua winga haonekani, na mwenye duka anasema, "Mimi sikukuuzia, nilimpa yule kijana." Mteja anakosa wa kumuuliza.

Hapo ndipo risiti inapohusika. Mashine za EFD za kutolea risiti zimekuwapo nchini tangu mwaka 2010, na kila mmoja hapa anafahamu wajibu wake kwa mamlaka ya mapato, TRA, hilo silirudii. Ninachoongeza ni upande wa mteja. Bei ikitajwa mara mbili, "yenye risiti" na "isiyo na risiti", mteja anadhani amepunguziwa. Kwa kweli ameuza haki yake ya kurudi. Mezani kwangu nimekwishapokea watu wenye malalamiko ya haki kabisa ambao hawana hata karatasi yenye jina la duka.

Ziko sheria zinazomlinda. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, yaani FCC, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au hali ya bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ukisema ni mpya, iwe mpya. Lile bango la mali ikishauzwa hairudishwi halimpi mtu ruhusa ya kuuza kibovu kwa jina la kizima, na ningefurahi kuliona likishushwa ukutani, kwa sababu mteja analisoma kabla hajasalimiwa.

Mama aliyekuja kununua gemu la mtoto

Mkasa huu nausimulia kwa urefu kwa kuwa nilikuwapo. Nilikuwa nimekwenda kununua feni za kupoza mashine, nikakaa pembeni kusubiri mzigo. Akaingia mama wa makamo na kijana wake wa miaka kama kumi na minne. Mama ameshika pochi, hela ni zake. Muuzaji akamkaribisha, "Karibu mama," halafu tangu hapo hakumtazama tena. Maneno yote yakaenda kwa mtoto: hii ina teraflopsi kadhaa, hii ina SSD, hii inatoa picha ya 4K. Mtoto macho yamemtoka. Mama akauliza, kwa sauti ya chini, "Hii inacheza zile CD alizopewa na mjomba wake?" Jibu likawa, "Mama, hii ni PS5, inacheza kila kitu."

Boksi lililokuwa mezani lilikuwa la PS5 Digital Edition. Mnajua kwamba PS5 ilipotoka Novemba 2020 ilitoka kwa namna mbili, moja ina mdomo wa kuingizia CD na nyingine haina kabisa. Ile isiyo na mdomo ni nafuu kidogo, na gemu zake zote zinanunuliwa na kupakuliwa kwenye intaneti. Yule mtoto ana CD sita za PS4, mtaani kwao watoto wanabadilishana CD, na nyumbani intaneti ni bando la simu ya mama. Gemu moja la mpira linaweza kumaliza gigabaiti hamsini. Kwa familia ile, mashine ile ingekaa juu ya kabati.

Nikavunja adabu, nikamwambia, "Mama shikamoo, samahani, mwombe akuonyeshe mahali pa kuingizia CD." Muuzaji alikasirika, na ninamwelewa. Lakini alipoligeuza boksi akaona mwenyewe, akanyamaza, akaenda kuleta PS4 iliyotumika, akaichomeka. Mtoto akacheza dakika kumi. Mama akashika padi, akabonyeza kitufe kimoja, mchezaji akapiga mpira nje, wakacheka wote watatu. Wakalipa. Yule mama alitaka kujua kitu kimoja tu, na hilo lilikuwa ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa pale kaunta.

Nawaomba wauzaji mlishike hili: anayelipa ndiye mteja. Mwanamke anayeuliza kuhusu kadi ya kumbukumbu au padi hahitaji kujibiwa kupitia mwanawe, kaka yake au shemeji aliyemsindikiza. Na swali la "itafanya kazi kwangu?" lijibiwe kwanza kwa maswali: una CD au huna, TV yako ina tundu la HDMI, intaneti yako ni ya aina gani. Ukimuuzia kadi ya kununulia gemu, muulize akaunti yake ilifunguliwa kwa nchi gani. Wengi wetu tunafungua kwa Marekani au Uingereza kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya PlayStation, na kadi ya Marekani haikubaliwi na akaunti ya Uingereza. Nimeona watu wakikwangua kadi hadi tarakimu zikapotea, wakidhani wamekosea namba.

Vitu vidogo vinavyovunja imani

Mashine kubwa zina angalau namba ya kuzifuatilia. Maumivu mengi yako kwenye vitu vya bei ndogo. Flashi iliyoandikwa GB 64 inaweza kuwa na GB 8 tu ndani. Wanachofanya ni kuichezea ile chipu inayoiongoza ili iidanganye kompyuta. Ukiichomeka utaona GB 64 kweli, utanakili faili na majina yake yote yataonekana. Nafasi halisi ikijaa, yanayofuata hayaandikwi popote au yanafuta ya mwanzo. Dada mmoja aliniletea flashi ya picha za harusi yake. Mafaili yapo kwa majina, lakini kila ukifungua ni weupe mtupu. Bei ya flashi ile haifiki hata ya chakula cha mchana, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha picha ambazo hazikuandikwa.

Muuzaji anaweza asijue, naye ameuziwa. Dawa ipo: kila mzigo mpya ukifika, chukua chache, uzijaze hadi mwisho kwa programu ya H2testw, ambayo ni ya bure, uone kama kilichoandikwa kinasomeka. Inachukua muda, ni kweli, na unaweza kuiacha ikifanya kazi wewe ukiuza. Kwa simu tulikwishafundishwa. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki, watu wakalala na simu wakaamka na kopo, na tangu wakati huo mteja anayejijua anabonyeza *#06# mbele ya muuzaji na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090. Hakuna muuzaji anayeudhika tena na hilo. Kujaribu padi au flashi mbele ya mteja nako kutazoeleka vivyo hivyo.

Gharama za kujaribisha

Najua yanayosemwa. Boksi likifunguliwa bei inashuka. Fremu ni ndogo, kodi inalipwa ya miezi mingi kwa mkupuo, wengine walitoa na kilemba juu yake, hakuna nafasi ya kuweka TV ya majaribio. Wapo pia wateja wanaojaribu saa nzima kisha wanakwenda kununua duka la jirani. Yote haya ni kweli, na sitaki kuyapita juu juu.

Kwa kifaa kipya, boksi lifunguliwe baada ya makubaliano ya bei na mbele ya mnunuzi. Hapo hasara ya boksi haipo tena. Kwa kilichotumika sioni kisingizio. PS4 ya mtumba inaweza kuwaka vizuri na bado tundu la HDMI likawa limepinda pini kwa kuchomekwa kinyume, na hilo ndilo ninalolitengeneza kuliko lolote. Padi inaweza kuwa na stiki inayomvuta mchezaji kushoto bila kuguswa. Feni inaweza kuunguruma baada ya dakika tano, na si kabla. Mashine iliyochezewa programu ili isome gemu za bure, mteja aambiwe waziwazi kwamba imechezewa na kwamba akiiunganisha na intaneti inaweza kufungiwa.

Anayeumia zaidi kwa uzembe huu ni mwenye banda la gemu. Kijana wa Mbagala aliniletea mashine mbili zilizokufa ndani ya wiki moja. Alikuwa amekopa kwenye kikundi ili azinunue, marejesho ni kila Jumamosi. Hakuzinunua kwa starehe. Anakula kwa mechi zinazochezwa kwenye banda lake. Siku tatu za kusubiri kipuri ni siku tatu bila mechi, na watoto wa mtaa huwa wamekwishahamia banda lingine. Alipewa waranti ya wiki moja kwa mdomo. Alipopiga simu dukani, haikupokelewa.

Basi ninachoomba kwa kila duka lililowakilishwa hapa ni soketi moja mezani, inayofanya kazi, na TV ya inchi 19 au 24, hata ya mtumba, iliyobanwa ukutani ili isile nafasi. Umeme ukikatika na hakuna jenereta, mteja aandikiwe kwenye risiti kwamba kifaa hakikujaribiwa na ana siku tatu za kukirudisha. Waranti iandikwe: siku ngapi, kwa kasoro zipi, apige namba gani. Winga aliyemleta mteja aandikwe jina nyuma ya nakala ya duka, cha juu chake kijulikane, naye apate sifa ya kurudisha watu.

Nimekuja na PS4 moja, padi mbili na flashi tatu za GB 64, mojawapo ni feki. Ziko pale kwenye meza ya nyuma. Karibuni tuzijaribu pamoja, na mtakaponionyesha ile feki ni ipi, nitawaonyesha jinsi ya kuipima.